Dari la Baba Mkwe

Mchanga wa kwanza uliangukia kwenye uji wa binti yangu.

Ilikuwa asubuhi, kabla sijaenda kazini. Nilikuwa nimempakata sebuleni nikimlisha, nikasikia juu yetu mkwaruzo mdogo, kama panya anayepita juu ya karatasi. Kisha punje nyeupe zikatua kwenye uji na kwenye nywele za mtoto. Nikainua macho. Ule ufa wa dari niliujua tangu nilipoletwa nyumba ile nikiwa bibi harusi. Ulianzia kwenye kona ya dirisha ukaelekea taa ya katikati, mwembamba kama uzi. Asubuhi ile haukuwa uzi tena. Kidole changu kingeingia, na upande mmoja ulikuwa umeshuka kuliko mwingine.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Aliona nilichokiona.

"Ni vumbi tu," alisema. "Nyumba ya zamani inatoa vumbi."

"Mama, hili dari linashuka."

"We nenda kazi, utachelewa. Mutoto niachie."

Nikamwachia. Sikuwa na mwingine wa kumwachia. Mume wangu ni dereva wa lori, anaweza kumaliza wiki kadhaa kwenye barabara ya Tanzania, na mimi nauza kwenye duka la dawa huko mtaa wa Rohero. Siku ile nilisimama nyuma ya kaunta nikiwaeleza watu namna ya kunywa dawa zao, huku akili yangu yote iko nyumbani, mtaa wa Bwiza, chini ya lile dari, mahali mwanangu alipolazwa kila mchana kwenye mkeka wake.

Ili mtu aelewe kwa nini jambo dogo kama dari lilitugombanisha, lazima nieleze lilitoka wapi. Baba mkwe, ambaye sikuwahi kumwona akiwa hai, alikuwa fundi wa ujenzi, na nyumba ile aliijenga mwenyewe. Dari la sebule alilitengeneza kama walivyofanya mafundi wa zamani: matete yaliyofungwa kwenye mbao za paa, wavu wa waya chini yake, kisha plasta nene iliyosuguliwa mpaka ikawa laini. Katikati, kuzunguka taa, alifinyanga ua kubwa la plasta lenye majani yaliyopishana, pana kama sinia ya kulia watu wengi. Watu walikuja kuliangalia. Miaka ya vita familia ilikimbia, na waliporudi walikuta milango imeng'olewa, madirisha hayapo, hata nyaya za umeme zimevutwa ukutani. Mama mkwe alinisimulia habari hizo mara moja tu, wiki ya harusi yangu, akiwa anamwonyesha nyumba mukazana wake mpya, kama wanavyomwita kwao mke wa mwana.

"Kila kitu walibeba," aliniambia, kidole chake kikielekea juu. "Hii haikubebeka."

Kisha akaendelea kunionyesha vyumba.

Basi jioni ya siku ile ya uji nilirudi nikasema tena, safari hii kwa upole, kwamba tumwite fundi abomoe lile dari kabla halijatuangukia. Aliniangalia kama nimemwambia tukafukue kaburi.

"Apana."

"Mama, kuna mtoto humu ndani."

"Watoto wangu wote walilala hapa chini. Nani alikufa?"

"Wakati ule lilikuwa jipya."

"Nimesema apana. Hii plafon haitoki nikiwa mi muzima."

Nilimpigia mume wangu simu. Alisikiliza, nikasikia malori yakipita upande wake. Akasema nizungumze na mama taratibu. Nikamwambia nimeshazungumza taratibu. Akasema basi nisubiri arudi. Nikamuuliza kama dari nalo litasubiri arudi. Hapo mtandao ukakatika, au alikata mwenyewe, sijui mpaka leo.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Mvua zilikuwa zimeanza. Kila ikinyesha niliamka kuangalia juu, nikaona doa la kahawia limepanuka pembeni mwa ufa, maana bati moja lilikuwa linavuja. Mama mkwe na mimi tulisalimiana kama kawaida, tukala pamoja, lakini maneno yetu yalikuwa ya chumvi na mkaa tu. Nilipotoka asubuhi niliusogeza mkeka wa mtoto karibu na ukuta. Jioni niliukuta umerudishwa katikati, chini ya ua kabisa. Niliona anafanya makusudi. Nilikuwa natoka nyumbani nimekaza meno, na nikifika kazini napiga simu kwa jirani kuuliza kama amesikia kishindo chochote upande wetu. Jirani alinichoka.

Siku moja duka lilifungwa mapema kwa sababu umeme ulikatika mtaa mzima na friji ya dawa ilihitaji kushughulikiwa na mwenye duka. Nikarudi Bwiza kwa miguu, haraka, jua likiwa bado kali. Nilipofika nikakuta mlango wa sebule umefungwa kwa ufunguo. Nikabisha, kimya. Nikazungukia uani mbio.

Walikuwa kule nyuma, chini ya kibanda cha jiko. Binti yangu alikuwa amelala kwenye mkeka mwingine ambao sikuwahi kuuona, mkeka wa zamani wenye pindo la bluu, na mama mkwe ameketi kando yake akimfukuzia nzi kwa kitambaa. Pembeni kulikuwa na kikombe cha mtoto, kanga za kubadilisha, mto, kila kitu. Haikuwa mara ya kwanza. Mtu hupanga vitu hivyo pale anapokaa kila siku.

Aliponiona alishtuka, kisha uso wake ukafungwa.

"Ndani iko joto," alisema.

Nikaelewa. Alikuwa anajua. Tangu ile asubuhi alikuwa anajua kama mimi, na kila nilipotoka alimbeba mtoto akafunga mlango, halafu jioni kabla sijarudi akatandika tena mkeka chini ya ua ili nisije nikasema nimeshinda. Hasira ilinipanda. Wiki nzima nimekonda kwa hofu, naye alikuwa na uwezo wa kunituliza kwa neno moja. Nilifungua mdomo. Halafu nikakumbuka kitu: jioni, mimi nikiwa jikoni, yeye alikuwa anarudi kukaa peke yake kwenye sebule ile, kiti chake amekisogeza, anaangalia juu. Nilidhani analinda dari dhidi yangu, kumbe alikuwa analiaga.

Nikaketi kwenye kigoda mbele yake. Niliyokuwa nimeyapanga kusema yalinitoka kichwani.

"Mama, tusilibomoe," nikasema. "Tulifunike."

Alinyoosha pindo la mkeka.

"Kuna bodi za jipsamu. Unga mweupe umeshindiliwa katikati ya karatasi mbili ngumu. Zinafungwa chini ya dari la zamani, lenyewe linabaki juu, halitoki. Nimeona wamefanya hivyo kazini."

Alimfukuzia mtoto nzi ambaye hakuwepo.

"Itabaki pale?"

"Itabaki pale pale."

"Lakini haitaonekana."

"Haitaonekana, Mama."

Mtoto akageuka upande wa pili, akaendelea kulala.

"Lete huyo fundi," alisema. "Aangalie tu."

Fundi alitoka mtaa wa Kinama, mtu wa makamo, mpole, mwenye msalaba mdogo wa mbao shingoni. Kwanza alipanda juu ya paa akaziba bati lililovuja. Kisha akapanga mapipa mawili sebuleni, akaweka mbao juu yake, akapanda. Aliweka kiganja kwenye dari akasukuma taratibu. Dari likapanda, akaachia, likashuka. Akarudia. Mimi na mama mkwe tuliona kwa macho yetu likipanda na kushuka kama tumbo la mtu aliyelala.

"Plasta imeachana na matete," alisema. "Inashikwa na wavu, na wavu umeoza."

Akaeleza atakavyofanya. Atapitisha mbao nyembamba chini ya dari, azifunge kwa skrubu ndefu zitakazotoboa plasta na kuingia kwenye mbao za paa, ili dari zima libanwe juu lisishuke. Bodi za jipsamu zitafungwa kwenye mbao hizo. Isipokuwa kitu kimoja.

"Ua lazima litoke. Ni zito sana, na liko chini zaidi. Likianguka juu ya bodi, bodi inapasuka."

Mama mkwe alisimama. "Tulisema nini?" aliniuliza mimi, si fundi.

"Hakuna namna ya kulifunga?" nikamuuliza fundi.

Alijikuna kidevu, akaliangalia muda mrefu. Alisema labda. Anaweza kubana ubao mpana chini ya ua, na kuweka sponji ya godoro katikati ili majani yasivunjike, kisha akaze pande mbili. Lakini alisema "labda" kwa sauti ambayo sikuipenda. Mama mkwe hakuisikia ile sauti, au hakutaka. Alikwenda chumbani akarudi na kipande cha godoro kuukuu.

Kazi ilianza Jumamosi, siku ambayo siendi dukani. Mtoto tulimpeleka kwa jirani. Fundi alikuja peke yake, akasema mwenzake ameamka na malaria, lakini mbao za pembeni anaweza kuzifunga mwenyewe, bodi na ua vingoje mwenzake apone. Tukakubali. Asubuhi nzima mashine yake ya kutoboa ililia. Kila skrubu ilipoingia, vumbi lilimwagika, na nyumba ilitetemeka kidogo. Mama mkwe alikaa kizingitini na tasbihi yake, macho hayatoki kwenye ua.

Karibu na adhuhuri mashine ilinyamaza ghafla. Nikatoka jikoni. Fundi alikuwa amesimama juu ya mbao, kichwa amekiinamisha upande mmoja, anasikiliza. Pembeni zote zilikuwa zimebanwa vizuri. Katikati, ua lilikuwa limeshuka. Kati ya majani yake na dari palikuwa na kivuli cheusi, duara zima.

"Mashine imelitikisa," alisema kwa sauti ndogo, kama anaogopa litasikia. "Haliwezi kungoja. Ama tulibane sasa hivi, ama tulitoe."

"Tulibane," mama mkwe alisema.

"Niko mumoja, mama."

"Mimi nitapanda," nikasema.

Nilifunga kikwembe changu vizuri kiunoni, nikapanda mapipa. Mama mkwe tulimwambia abaki nje ya mlango. Tuliinua ule ubao mpana wenye sponji juu yake, fundi upande wa dirisha, mimi upande wa mlango, tukausukuma mpaka sponji ikagusa majani. Uzito ulinijia mikononi mara moja. Sikuwa nimefikiria kwamba plasta inaweza kuwa nzito namna ile. Tukasukuma tena, ua likapanda, kile kivuli kikapungua. Fundi akashika upande wake kwa bega na kichwa, akakaza skrubu ya kwanza. Ya pili. Jasho lilikuwa linaniingia machoni na sikuwa na mkono wa kujifutia.

"Sasa nakuja upande wako," alisema. "Shikilia. Usishushe hata kidogo."

Ili afike kwangu ilibidi ashuke, azunguke, apande tena. Alishuka. Nikabaki peke yangu na upande ule, mikono imenyooka, utosi wangu umeukandamiza ubao. Nikasikia waya ukikatika. Mlio mwembamba, juu ya kichwa changu. Kisha mwingine. Mchanga ukaanza kunimwagikia shingoni, si punje sasa, mkondo.

"Fundi!"

"Nakuja, nakuja!"

Mguu wake ulikuwa umekwama kwenye waya wa mashine. Ubao ulianza kulala upande wangu. Ndipo nikamwona mama mkwe. Alikuwa ameingia. Alikuwa amesimama chini yangu kabisa, mikono ameinua kana kwamba angeweza kufika.

"Reka!" alipiga kelele kwa Kirundi. "Reka! Achia hiyo kitu!"

"Mama, toka hapo!"

"Achia, nimesema! Iache ianguke!"

"Itakuangukia wewe! Toka!"

Tulikuwa tunapigiana kelele kama watu wanaogombana sokoni. Yeye anataka niachie nipone, na mimi siwezi kuachia kwa sababu yeye yuko chini. Ubao ulizidi kushuka. Niliangalia chini nikaona uso wake, na nikajua hatatoka kabla sijaachia. Nikamlilia. Sikumwamuru tena, nilimlilia: "Mama, nakuomba. Ukutani. Nenda ukutani, naachia."

Aliniangalia. Kisha akarudi nyuma, akaugusa ukuta kwa mgongo.

Nikaachia, nikajitupa upande wa pili.

Kishindo kile sitakisahau. Ubao, sponji, ua, matete, vyote vilishuka pamoja, pipa moja likapinduka, na nikajikuta sakafuni mikono juu ya kichwa. Halafu hapakuonekana kitu. Vumbi lilijaa chumba kizima, jeupe, zito, hata dirisha halikuonekana. Nilimsikia fundi akikohoa na kumwita Mungu. Mama mkwe sikumsikia.

"Mama?"

Nikatambaa kuelekea ukutani.

"Mama!"

Mikono ikanishika kichwani. Ilikuwa ikinipapasa kwa nguvu, utosini, masikioni, shingoni, mabegani, ikitafuta damu. Na sauti yake ikaja karibu na uso wangu, imejaa hasira:

"Nani alikutuma kushikilia uchafu? Eh? Nani alikutuma? Una mutoto wa kunyonyesha, unakufa kwa sababu ya uchafu?"

Sijui kama nilikuwa nalia au ni vumbi. Yeye alikuwa analia, huku anaendelea kunigombeza, na mikono yake haikuacha kunipapasa. Damu aliipata kwenye kifundo cha mkono, mchubuko tu. Alichana kitambaa chake cha kichwani akanifunga. Mimi ndiye ninayeuza bandeji na dawa ya vidonda, na kabatini zilikuwepo, lakini nilimwacha anifunge.

Vumbi lilipotulia tulitoka uani tukaketi, sote watatu, weupe kama tumepakwa unga. Fundi aliomba radhi mara nyingi. Mama mkwe alimkata.

"We ulisema litoke. Mi ndiye nilikataa. Kunywa maji."

Baadaye alirudi ndani kabla yetu. Nilimfuata nikamkuta amesimama kando ya kifusi, anaangalia juu kwenye tundu pana lililobaki. Ndani yake mbao za paa zilionekana, na matete kwenye kingo za tundu, yamefungwa kwa kamba zilizokwisha kukauka.

"Aliweka matete mara mbili," alisema. "Mi nilikuwa namupitishia kutoka chini. Nilimwambia moja inatosha. Alikuwa mutu mbishi."

Lilikuwa jambo la kwanza kunieleza juu ya mumewe ambalo halikuhusu nyumba iliyoibwa. Nikangoja aendelee. Aliendelea kidogo: kwamba alikuwa akiimba akiwa juu ya ngazi, na kuimba kwenyewe hakujui, na plasta ilikuwa inamdondokea mdomoni. Akatabasamu, kisha akainama akaanza kuokota vipande vya majani. Nikadhani anataka kuvihifadhi. Alivitia kwenye karai pamoja na mchanga na matete, akamwita fundi aje akalimwage kwenye lile shimo la mbele ya geti, lile linalojaa maji kila mvua ikinyesha.

"Vyote, Mama?" nikauliza.

"Vyote. Utaviweka wapi?"

Siku chache baadaye fundi alirudi na mwenzake, amepona ila macho bado ya njano. Walifunga mbao zilizobaki, wakainua bodi za jipsamu moja baada ya nyingine, wakaziba maungio kwa utepe na unga wa plasta, wakasugua. Sikuwa na kazi ya kufanya ila kusimama mlangoni, na bado kila bodi ilipopanda mikono yangu ilikaza yenyewe. Lile dari la zamani, ukiacha katikati, lilibaki juu ya bodi kama tulivyoahidiana. Mama mkwe alikuwa akipita na chai, akiangalia. Bodi ya mwisho ilipofunika tundu, alikuwa nje anaongea na muuza ndizi kuhusu bei, na hakuingia mpaka waliposhuka.

Alipoingia alisimama katikati ya sebule. Dari lilikuwa tambarare, jeupe, halina kitu.

"Chumba kimekuwa kifupi," alisema.

"Kidogo, Mama."

"Na sauti yangu inasikika kama ya mutu mwingine."

Hilo lilikuwa kweli, hata mimi niliisikia sauti yangu imebadilika. Akakivuta kiti chake, akakiweka mahali papya, karibu na dirisha, akaketi kukijaribu.

Jioni ile mvua kubwa ilinyesha. Tulikula sebuleni, mtoto akitambaa kati yetu na kunyang'anya ndizi kwenye sahani ya bibi yake. Kila ngurumo ilipopiga niliinua macho, na nilipoyashusha nilikuta mama mkwe naye anashusha ya kwake. Simu ya mama mkwe ikalia, alikuwa mume wangu, yuko mpakani anangoja karatasi za mzigo. Nilimsikia akiuliza habari ya dari.

"Tumelifunika," mama mkwe alimjibu. Akasikiliza, akatikisa kichwa kama vile mwanawe anamwona. "Apana, ua halipo. Lilianguka." Nilisubiri aseme jinsi lilivyoanguka na kwa nini. Badala yake alinyoosha mkono akanipa simu.

"Ongea na mukazana wangu," alimwambia. "Yeye ndiye alikuwa juu."